Mwanarusi na Usingizi wa Saa Nne

"Mimi nimezaa mtoto, sikuzaa paka wa kulala kutwa! Mwezi huu ukiisha, Dhahabu atalala mara moja tu, adhuhuri, kama watu. Nikishindwa, begi lake nitalipanga kwa mkono wangu mwenyewe, aende akalelewe Junda."

Mwanarusi aliyasema hayo mwaka wa tisini na mbili, kwenye upishi wa harusi hapa Mishomoroni, mbele ya wanawake waliojaa uani wakimenya vitunguu saumu. Hakuyasema kwa sauti ya chini, maana sauti hiyo hakuumbwa nayo. Tena aliyasema akimkazia macho mkwewe, Bi Mwanatatu wa Junda, aliyekuwa ameanza uchokozi: ati huyu mjukuu wa mwaka na nusu, anayelala asubuhi na kulala tena alasiri, damu yake imechoka, na dawa ni kwenda kukaa kwa bibi yake wiki moja. Wajukuu wengine wa Bi Mwanatatu nao walikwenda wiki moja. Mkubwa wao sasa ananyoa ndevu huko huko.

"Haya, wote mumesikia," alisema Bi Mwanatatu, akachukua kitunguu kingine.

Mwanarusi alikuwa na sababu ya kujipiga kifua. Alikuwa amepata kazi ya cherehani kwenye karakana ya sare za shule Kongowea, na aliyekuwa tayari kumshika mtoto ni Selpher, mwanamke wa bara aliyelea watoto katika chumba kimoja Ziwa la Ng'ombe. Chumba hicho asubuhi kilikuwa uwanja wa mpira, mchana ndipo mikeka ilipotandikwa.

"Hapa tunalala mara moja, baada ya chakula," Selpher alimwambia. "Wa kulala saa nne nitamweka wapi, mama? Juu ya kabati?"

Basi ikawa hivyo: Dhahabu aache usingizi wa asubuhi, au Mwanarusi aache cherehani, na akiiacha, ndiyo ameshindwa, na Bi Mwanatatu amejipatia mjukuu wa kumpepea.

Usingizi wenyewe ulikuwa umekaa vibaya. Mtoto akishalala saa nne, adhuhuri nyumba nzima inapojinyoosha yeye yuko macho, anavuta watu masharubu. Halafu alasiri anazimika kama taa, saa ambayo wazee wetu wanakataza mtu kulala, ati kunatia wazimu. Kama ni kweli, wazimu huo ulimpata babake, Mwinyihaji, kuli wa bandarini, aliyerudi na mgongo umevunjika kwa magunia akakuta binti ameamka magharibi, mbichi kabisa, anataka mgongo huo huo uwe farasi wake.

Mwanarusi hakumkatia mtoto usingizi kwa panga. Aliusogeza. Leo anamchelewesha kidogo kwa beseni la maji, kesho kidogo zaidi kwa kufukuza bata wa jirani, na chakula cha mchana akakileta mapema ili tumbo limsaidie kazi. Mpango ulikuwa mzuri. Matokeo yalikuwa sifuri. Siku zikapita, na Dhahabu adhuhuri bado anakodoa macho, alasiri bado anazimika. Mwanarusi akakonda. Akaanza kujiuliza kama kweli damu ya mtoto ina kitu.

Asubuhi moja alitoka kwenda kuteka maji, akakuta mfereji umekauka, akarudi na ndoo tupu kabla ya wakati. Uani akamkuta Pascalia, mpangaji wa chumba cha nyuma, anafua nguo huku Dhahabu amefungwa kwa leso mgongoni mwake, mate yanamtiririka, amelala usingizi wa pono.

"Pascalia!"

"Alikuwa anajifikicha macho, mwenzangu. Nikamuonea huruma. Dakika mbili tu."

"Na jana?"

Pascalia akasugua kola kwa bidii kubwa. "Jana hakuwa kwangu. Jana alikuwa kwa Mzee Ngowa."

Mzee Ngowa, mpangaji mwingine, aliyekuwa akishona makuti kando ya ukuta, akakohoa. "Alijilaza mwenyewe kwenye makuti, mwanangu. Mimi niliwafukuza nzi tu."

Kumbe ndivyo! Kila Mwanarusi alipogeuza kisogo, mtoto alikuwa na vitanda viwili vya siri, na kila mwenye kitanda alidhani ni yeye peke yake anayetenda wema. Ndiyo nyumba zetu za ua mmoja: mtoto akipiga mwayo, watu wazima wanagombea kumbeba, na hakuna anayemuuliza mama ana mpango gani. Lakini kosa lingine lilikuwa la Mwanarusi. Ahadi alikuwa ameitangaza kwa Mishomoroni nzima, isipokuwa kwa watu anaochangia nao choo.

Akatua ndoo katikati ya ua.

"Sikizeni nyote. Kuanzia leo mtoto huyu anachezeshwa, habebwi. Mwenye huruma nyingi anihurumie mimi, maana atakayechukuliwa ni wangu. Si wa Pascalia, si wa Mzee Ngowa. Wangu!"

Kesho yake saa nne Mzee Ngowa akagonga debe, Pascalia akapiga makofi na nyimbo za kanisani, na Dhahabu akacheza katikati kama bibi harusi. Alilia, usidhani hakulia. Siku za mwanzo alikuwa mkali kama pilipili, akaangukia sahani ya wali kabla hajashiba. Lakini alilala adhuhuri, akaamka alasiri inapoadhiniwa, na baada ya isha Mwinyihaji akanywa chai yake kimya, akashangaa sauti ya kikombe.

Mwezi ulipokwisha, Bi Mwanatatu akaja. Hakuja adhuhuri kama mgeni mwenye njaa. Alikuja saa nne kamili, mjuzi yule, akaketi mkekani, akampakata mjukuu, akaanza kumpapasa mgongo na kuimba puani.

"Mbona mato yake mazito hivi? Lala, mama. Lala, roho yangu."

Debe la Mzee Ngowa likanyamaza. Mkwe hapokonywi kitu mkononi, kila mtu analijua hilo. Kope za Dhahabu zikaanza kushuka.

Mwanarusi akapiga magoti mbele ya mkwewe, kwa adabu zote.

"Mama, niwie radhi. Saa hii hapa hatulali."

"Hapa wapi? Hii si nyumba ya mwanangu?"

"Nyumba ni yake. Mtoto ni wangu."

Akamtoa mtoto mapajani mwa mkwewe, mbele ya ua mzima, akamsimamisha kwa miguu yake na kumpa kifuniko cha sufuria na mwiko. Dhahabu akayumba kidogo, akapiga kifuniko mara moja, akacheka, akawafuata bata.

"Una mdomo, Mwanarusi," alisema Bi Mwanatatu.

"Niliolewa nao, Mama. Mlipoleta posa mliusikia."

Bi Mwanatatu alisubiri. Alisubiri saa tano, akasubiri saa sita, huku akijifanya anachambua mchele. Mtoto alikula, akalala adhuhuri, akaamka na adhana. Bi Mwanatatu akajitanda buibui lake akaenda zake Junda, mikono mitupu, bila kusema amekubali. Mwanarusi hakungoja akubali. Alasiri ile ile alibeba mwanawe hadi Kongowea kumnunulia mkeka wake wa kulalia kwa Selpher.

Mkeka mdogo ulikuwa shilingi arubaini, akazilipa bila kuomba apunguziwe.