Mkono wa Mzee Uliokwama Kwenye Video

Kama hutaki kuamini, acha, lakini nywele zangu ziko hapa Kitengela, njoo uzione. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa mchana kweupe, duka langu la kuhariri video liko wazi, na jirani anakaanga chipsi mlangoni.

Akaingia Naserian, binti kutoka kijijini Mashuuru, na flashi mkononi. Babake aliugua yeye akiwa kazini Uarabuni. Kabla ya kufa, mzee alirekodiwa akimpa baraka za ndoa, na harusi yenyewe ilikuwa kesho. Bila baraka za baba angeolewaje? Macho yake yalikuwa mekundu.

"Inakwama tu Papa akianza," akaniambia. "Nimejaribu kwa simu, nikajaribu kwa TV. Sijasikia hata neno moja."

Nikamwambia akae, atasikia. Video za ubora wa juu ndizo zinanilisha. Flashi huwa polepole, kwa hivyo nikahamisha faili kwenye kompyuta. Ng'ombe wakapita vizuri, mamake akapita vizuri. Mzee akainua mkono, ikakwama. Nikawasha mpangilio wa kuiachia kadi ya picha mzigo wa kufungua video. Nikaifanya programu isome mbele zaidi kabla ya kucheza, kisha nikajaribu programu nyingine. Mwishowe nikapunguza ubora, na hiyo huwa dawa ya mwisho. Mkono ukabaki juu palepale. Nilikasirika, kwa sababu nishamwahidi mtu.

"Sijamsalimia," Naserian akasema.

Kwao Wamaasai, mtoto humwinamishia mzee kichwa aguswe, ndipo maneno mengine yafuate. Akainama mbele ya kioo cha kompyuta. Niamini, mkono ule ukashuka, na shanga za nywele za Naserian zikagongana kama zimeguswa.

"Takwenya," mzee akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko, Papa," binti akajibu, akilia. Baraka zikaendelea hadi mwisho bila kukwama.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akageuza uso, akanitazama mimi, akainua mkono tena. Video ikakwama.

"Anakungoja," Naserian akasema. "Inama tu, Madam. Ni mzee wangu."

Mimi ni Mkamba, kuinamisha kichwa sikulelewa nako. Lakini ungefanya nini? Niliogopa sana, nikainama. Kiganja kilikuwa chepesi, na kina joto kama cha mtu aliyetoka kuota jua.

Naserian aliolewa na sasa yuko na watoto. Mimi, utosini pangu pameota mvi kwa umbo la kiganja, na msusi akizipaka rangi haishiki. Nakala ya video ningali nayo. Humo mzee hageuki hata kidogo.

Basi wewe unayeitukana kompyuta: video ikikwama, hamisha faili, angalia mipangilio, punguza ubora. Ikikataa bado, tazama ni nani yuko pale kwenye kioo, na ujiulize kama umemsalimia.