Miayo ya Mtawanya

Domingo ni dereva wa lori, msomba korosho kutoka Tandahimba hadi bandarini Mtwara. Kwao ni Kitaya, kando ya Ruvuma. Baba yake alivuka kutoka Msumbiji na hakuja na kitu cha maana zaidi ya koo la kuimbia, akamrithisha mwanawe. Domingo huimba besi kwenye kwaya ya kanisani, na barabarani huimba zaidi, maana ndani ya lori hakuna mwalimu wa kumwambia apunguze.

Msimu uliopita tajiri wake alifunga kamera kwenye malori yote. Kamera hiyo haitazami barabara, inamtazama dereva usoni. Ukishika simu, inalia. Ukifumba macho, inalia. Ukipiga mwayo, sauti ya mwanamke inakuambia kwa upole wa kutisha, "Dereva, umechoka. Egesha gari upumzike." Papo hapo picha inaruka hadi ofisini Chikongola, Mtwara mjini, kwa Gladness, binti kutoka Moshi aliyeajiriwa kusimamia mitambo hiyo. Madereva waliibatiza kamera jina la Mama Mkwe, kwa kuwa mbele yake mtu hatafuni, hachekicheki, wala hajikuni.

Tajiri akatoa amri: ni marufuku kusimama njiani, isipokuwa Mama Mkwe akisema. Akisema, utapumzika nusu saa, utake usitake.

Siku moja Domingo alikuwa amefika Mtawanya, mji umekaribia kabisa, akaachama kuvuta aleluya ndefu.

"Dereva, umechoka."

"Naimba, mama!"

"Umechoka."

Akaegesha kwa hasira. Mbele yake palikuwa na banda la Felismina, mjane anayeuza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, na samaki wa kukaanga. Domingo naye alikuwa mgane wa siku nyingi. Akala, akasimulia kisa chake, Felismina akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nusu saa ikaisha Domingo hajashiba, na si samaki ninaowasema.

Tangu hapo, kila akifika Mtawanya, mwayo ulimshika.

Gladness si mjinga. Alitazama zile picha, akaona mzee huyu hachoki Tandahimba, hachoki Nanyamba, usingizi wake umejenga nyumba Mtawanya. Asubuhi moja Domingo akamkuta ameketi kwenye kiti cha abiria.

"Shikamoo, mzee. Leo twende wote, nikauone huo uchovu."

"Marahaba, binti," Domingo akaitikia, akawasha lori.

Wakati wa kurudi kutoka Tandahimba Domingo alifunga mdomo kama aliyejaza maji. Gladness naye alikuwa hajala tangu atoke nyumbani. Mihogo ya Nanyamba aliikataa, eti ina vumbi. Walipoikaribia Mtawanya, harufu ya samaki ikaingia dirishani. Felismina alikuwa amesimama barazani, sahani mkononi. Domingo akauma midomo, mguu ukabaki kwenye mafuta. Mara tumbo la Gladness likanguruma, wote wawili wakalisikia.

"Mzee Domingo."

"Naam."

"Mbona leo hupigi mwayo?"

"Nimezuiwa."

"Na nani?"

"Na wewe, binti."

"Basi nimekuruhusu. Piga, tena mkubwa."

Domingo akaachama, akaitoa aleluya yote hadi vioo vikatetemeka. Mama Mkwe akasalimu amri: "Dereva, umechoka."

Gladness alikula mpaka pilipili ikamtoa jasho, ndipo akauliza, "Mama, huyu mzee huwa anachoka kweli?"

"Achoke wapi!" Felismina akajibu. "Anaogopa kusema kinachomleta. Mwanamume mzima anaombewa ruhusa na mashine! Domingo, ukinitaka njoo Jumapili, kwa miguu yako, shati limepigwa pasi."

Domingo alitazama samaki wake kama anayetafuta mwiba.

Gladness hakumshtaki. Alimweleza tajiri kuwa madereva wanahitaji kituo halali cha kupumzikia, na banda la Mtawanya lina kivuli na chakula kisafi. Tajiri akakubali. Sasa malori yanapanga foleni pale, na kuna siku Domingo anakula amesimama, akiwakodolea macho vijana wanaomwita Felismina dada.

Jumapili ile Domingo alikwenda, shati limenyooka. Felismina akampokea vizuri, kisha akamtuma kwa kaka zake huko Msimbati akapeleke posa mwenyewe. Ameshakwenda mara mbili. Mara zote mbili wamemlisha, wakamwimbisha, wakacheka naye hadi jioni, wakamrudisha bila jibu.