Wifi wa Kwenye Fomu

Fundi cherehani mmoja, aliyeitwa Mama Pindo kwa sababu hata msibani macho yake yalianza na mapindo ya nguo za wafiwa, aliishi miaka tisa na mtu asiyekuwepo. Si pepo, si kivuli. Mtu wa kwenye karatasi. Alimlisha, akamuuguza, akagombana naye na kupatana naye, na mtu huyo akajipatia sifa kwa wasomi kuliko wengi wanaokanyaga ardhi kwa miguu miwili.

Kulikuwa na chama cha wasomi waliojitwika kazi ya kuchunguza familia: nani anaishi na nani, kwa nini anabaki, kwa nini anaondoka. Wenyewe waliiita sosholojia ya familia, jina ambalo ukilitamka sharti ulishushie na maji. Waliokota kaya mia mbili, kila kaya wakaipa namba badala ya jina, wakaapa kuzifuata mwaka hadi mwaka kama kuku wafuatavyo pumba. Nyumba ya Mama Pindo ikawa kaya namba arobaini na moja. Kila mwaka, mwezi ule ule, alikuja msichana mwenye mkoba wa turubai na mafaili yaliyomfika kidevuni. Mtaa mzima ukamwita Binti Karatasi. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akauliza yale yale: nani alilala hapa jana, nani anakula chungu kimoja na nani, nani mwenye neno la mwisho, mmegombea nini mwaka huu na mmepatanaje. Majirani hawakuulizwa kitu. Ndiyo sheria ya chama, ya kaya yabaki ndani ya kaya. Sheria hiyo ilimfaa Mama Pindo kuliko alivyostahili.

Mwaka wa kwanza nyumba ilikuwa na watu watatu: Mama Pindo, mumewe, na dada wa mumewe, ambaye ndiye wifi. Mwaka wa pili mume alikuwa ametangulia mbele ya haki, wakabaki wanawake wawili katika nyumba iliyojengwa na baba yake wifi. Wifi alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Alitia vifungo, alifumua mishono iliyopinda, na alipiga pasi. Ile pasi yao ya makaa ilikuwa nzito kiasi kwamba ukiinyanyua kwa mkono wa kulia, bega la kushoto linakupa pole.

Mwaka wa tatu likatokea jambo la gauni. Lilikuwa la bibi harusi, jeupe hadi kuku wakadhani kumekucha, na lilibakiza shanga za shingoni tu. Likaungua mgongoni, alama ya pasi pana kama wayo wa tembo. Bibi harusi akaja na mama zake wadogo wanne, wakajaa sebuleni wamefura kama andazi. Kabla hajaulizwa, Mama Pindo akanyoosha kidole kwa wifi. Kidole hakikumtosha. Akasema mbele ya wageni kwamba mtu aliyeachwa na mume, akaja kuegemea nyumba ya marehemu, hawezi kuwa na uchungu na kazi ya mwenzake. Wifi alimaliza kukunja nguo zilizokuwa mkononi, akafunga mzigo wake, akatoka kwa mlango wa mbele.

Na pasi ile aliiacha Mama Pindo mwenyewe. Alikwenda dirishani kusikiliza majirani wakitukanana, utamu ukamkolea, akasahau. Alilijua hilo kabla wale mama wadogo hawajavuka kizingiti.

Siku ya nne, kitanda cha wifi hakijatandikwa upya, Binti Karatasi akapiga hodi. Akafungua faili, akasoma orodha ya mwaka uliopita, akauliza kama wifi yupo. Mama Pindo hakuwa amepanga kusema uongo. Aliona haya tu, haya ya kuulizwa na mtoto wa watu jambo ambalo hata yeye hajajiuliza sawasawa, na ulimi, kwa vile hauna mfupa, ukateleza.

"Yupo. Katoka kidogo."

Kidogo hicho kikawa miaka tisa. Katika miaka hiyo wifi alikwenda sokoni mara nne, kliniki mara tatu, kumjulia hali mgonjwa mara moja, na mwaka mmoja, Mama Pindo alipoishiwa mahali pa kumpeleka, alikuwa bafuni anaoga tangu fomu ilipofunguliwa hadi ilipofungwa. Binti Karatasi alisema wifi huyo ni msafi kweli.

Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Mama Pindo alimpa wifi wa kwenye fomu goti bovu la kushoto. Alimpa jino lililong'oka kwa mahindi ya kuchoma, kisha, akisahau, akamng'oa jino lile lile mwaka uliofuata. Walizozania chumvi, na kabla chungu hakijachemka wakawa wamepatana. Huyo wifi alicheka, alitania, aliimba kwa sauti mbaya. Fundi alikanyaga cherehani huku akimtungia vituko vya mwaka, na ukweli ni kwamba vilimnogea. Lakini Binti Karatasi akishaaga, mara nyingi alijikuta amepakua sahani mbili, na ile ya pili ikapoa mezani ikimtazama.

Kila miezi mitatu chama kilitoa jarida la habari zake, na Binti Karatasi kila alipokuja alimsomea: nani kapandishwa cheo, nani kastaafu, semina ya wajumbe itakuwa lini, nani kaenda ng'ambo kusoma makala akarudi na mafua. Mwaka mmoja, katikati ya habari hizo, ikatoka kaya namba arobaini na moja. Mkuu wa chama, waliyemwita Profesa, aliandika kwamba kaya hiyo inaonyesha udugu unaodumu hata baada ya aliyewaunganisha watu kufariki. Wasomi wakaipenda. Wakaisemea kwenye semina. Binti Karatasi akaifanya kazi ya shahada yake ya uzamivu, akatunukiwa, na joho lake akalileta kwa Mama Pindo apunguze pindo. Fundi aliyeshona miaka thelathini bila kujichoma, siku ile alijichoma sindano mara kumi na moja.

Mwaka wa kumi na mbili Binti Karatasi alikuja bila fomu.

"Safari hii sina maswali, mama. Nina mwaliko."

Ulikuwa mkutano mkuu wa chama, Jumamosi inayofuata. Kaya arobaini na moja ndiyo wageni wa heshima: mama na wifi yake, viti viwili vya mbele. Mama Pindo akakimbilia lile goti bovu la wifi. Binti akasema gari litakuja hadi mlangoni, na goti likipanda gari haliumi. Kisha akasema, huku akikunja na kukunjua mkanda wa mkoba wake, kwamba miaka yote hiyo amekuwa akimkosa, na anatamani angalau amshike mkono.

Mama Pindo alikuwa anajua wifi alipo. Hilo ndilo lililomtafuna zaidi. Hakuwa mbali, hakuwa nchi nyingine. Alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, mwendo wa kuchemsha chai na kuinywa. Miaka tisa mtu ameshindwa kutembea mwendo wa kikombe cha chai.

Alikwenda kesho yake. Chumba kilijaa mvuke, matoroli ya mashuka yamepangana ukutani, mashine zinanguruma kama mafahali wenye njaa. Wifi alikuwa mbele ya meza ndefu, kichwa kimekuwa cheupe. Alimwona, akachukua shuka kwa pembe mbili na kusubiri, maana shuka la hospitali halikunjiki na mtu mmoja. Mama Pindo akashika pembe za upande wa pili. Wakakunja moja, wakakunja la pili, wakikaribiana na kuachana, na ndani ya kukaribiana huko fundi akatoa habari yote: fomu, soko, bafu, chumvi, jino lililong'oka mara mbili, Profesa, viti viwili vya mbele.

Wifi alisikiliza hadi la jino, pembe ya mdomo ikatikisika. Kisha akauliza, "Mwaka ule uliofuata baada ya kuondoka kwangu, niliumwa nini huko kwako?"

"Goti."

"Goti gani?"

"La kushoto."

"Mwaka ule nilipasuliwa tumbo. Hapa hapa, ghorofa ya juu. Walinipa karatasi, ndugu atie sahihi ndipo wanipasue. Nilitia mwenyewe."

Mama Pindo akashindwa kukutanisha pembe za shuka. Wifi akazichukua mikononi mwake, akazikutanisha, akaliweka shuka juu ya mengine.

"Na ile pasi, wifi," fundi akasema, "niliiacha mimi."

"Nilijua. Nikawa nasema, ipo siku naye atajua, atakuja."

Hapo fundi angeweza kunyamaza, au kudanganya tena. Mlango wa huruma ulikuwa wazi, angepita kichwa juu: sikujua, nimejua jana, nisamehe. Uongo mmoja mdogo juu ya ule wa miaka tisa, nani angeuona.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ulikuwa hujafunga hata mzigo."

Mashine moja ilimaliza kazi yake, ikanyamaza. Wifi alisukuma kando shuka lililofuata. Alipozungumza sauti yake haikupanda.

"Mimi kwenye hicho kiti siji. Yule unayeishi naye ni mtu mwema kuliko mimi. Anakuimbia, anakusamehe chumvi haijayeyuka. Nenda naye huyo huyo."

Akasukuma toroli kuelekea chumba cha ndani, na magurudumu yakalia hadi mlango ulipojifunga.

Jumamosi gari lilikuja, fundi akapanda peke yake, akamwambia Binti Karatasi kwamba atayasema yote ukumbini. Binti alidhani ni hotuba, akafurahi. Ukumbi ulikuwa na wasomi kama sitini, miwani inaning'inia vifuani kwa kamba, na kila mmoja na kalamu. Kwanza zikasomwa habari za chama: waliofariki wakasimamiwa kimya, kamati mpya ikapigiwa makofi, mjumbe mmoja akalalamikia kuchelewa kwa jarida hadi akakatwa kipaza sauti. Ndipo Profesa akaita kaya arobaini na moja. Kiti kimoja kikakaliwa, kingine kikabaki na karatasi yenye namba.

Mama Pindo alisema. Alianza na dirisha na matusi ya majirani, akamaliza na chumba cha kufulia, na katikati hakuruka kitu. Alikuwa amejiandaa kuzomewa. Usiku kucha hakulala, aliyatunga matusi watakayomtupia, na mengine yalikuwa mazuri kuliko ambayo wasomi wangeweza kuyafikiria wenyewe. Lakini hakuna aliyemzomea. Kalamu zote sitini ziliinama kwa pamoja zikaandika. Mzee mmoja akainua mkono kuuliza aibu ilianza kupungua mwaka wa ngapi. Mwingine akataka kujua kama kupakua sahani mbili kulikuwa kwa kila siku au kwa msimu. Profesa akashukuru, akasema hawamlaumu, uongo wa mhojiwa nao ni habari, na pengine unastahili semina yake. Wakapiga makofi. Mama Pindo alisimama katikati ya makofi hayo kama mtu aliyekwenda kujisalimisha kituoni akakaribishwa chai.

Mmoja tu hakuandika wala kupiga makofi. Binti Karatasi alikuwa amekaa safu ya pili, mikono juu ya mkoba, anatazama sakafu.

Wengine walipokwenda kunywa chai, alimwita fundi kwenye chumba kidogo cha pembeni. Alikuwa ametoa mafaili ya miaka tisa na kuyapanga mezani. Akasema, bila kuinua macho, kwamba kuhusu kazi yake ya shahada atakiandikia chuo barua mwenyewe, hilo si la mama kulibeba. Hapa wanatakiwa kusahihisha fomu, na fomu husahihishwa mhojiwa akiwepo, mwaka baada ya mwaka. Mama Pindo akataka kumwambia mwanangu nisamehe. Binti alikuwa ameshafungua faili la kwanza.

"Mwaka wa tatu. Mwanakaya hayupo. Sababu: ameolewa, amehama kikazi, amefariki, nyingineyo."

"Nyingineyo."

"Eleza."

"Nilimfukuza. Hakuwa na kosa."

Binti akaandika. Akasema kwa miaka iliyobaki anaweza kutia alama ya 'kama hapo juu', ndivyo wanavyofanya, inaokoa muda. Mama Pindo akakataa. Akaomba aulizwe kila mwaka na aandikiwe kila mwaka, maneno yote.

"Mwaka wa nne. Sababu?"

"Nilimfukuza. Hakuwa na kosa. Na mwaka huo andika alipasuliwa tumbo, sahihi ya ndugu akatia mwenyewe."

"Hilo halina nafasi yake kwenye fomu, mama."

"Basi andika pembeni."

Binti Karatasi akamtazama kwa mara ya kwanza tangu ukumbini, macho mekundu. Akaigeuza fomu ubavu, akaandika pembezoni kwa herufi ndogo ndogo hadi ukingo ukajaa, kisha akavuta faili la mwaka wa tano.