Niliwafundisha darasa la tano kuchora ng'ombe, siku ya wazazi akapata wenyewe wawili

Mbukwenyi wakuu.

Hiki kimenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Mwenye mashaka aje Msalato. Ukuta upo na ng'ombe yupo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Kibakwe. Niliondoka na begi moja, nikaosha vyombo kwenye hoteli za Afrika Kusini huku nikijisomesha jioni, nikarudi na Diploma ya Sanaa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hii diploma nitaitaja sana, mnivumilie.

Nikapata mkataba kwenye shule moja ya msingi. Mwalimu mkuu, mama asiye na utani, akaninyoosha siku ya kwanza tu:

"Mwalimu, wazazi wa hapa wanataka Hisabati. Siku ya wazazi waonyeshe hiyo sanaa yako. Wakiona haina maana, kipindi kinarudi Hisabati na wewe mkataba wako ndiyo basi."

Nikacheka kimoyomoyo. Mtu na diploma yangu nitishwe na Hisabati?

Project yangu ilikuwa hivi: ng'ombe mkubwa kwenye ukuta wa nje wa darasa la tano, kila kundi na elementi yake ya sanaa. Wa mstari, mgongo na pembe. Wa umbo, kichwa na masikio. Wa rangi, madoa. Wa mwanga na kivuli, wamnenepeshe aonekane anatoka ukutani. Wa nafasi, nyasi na vilima nyuma yake.

Wa mguso niliwapa udongo uliochanganywa na samadi, kama wa kukandika nyumba, wapake mwilini ili ukimpapasa usikie manyoya. Hapo nilijipongeza. Chuoni mguso tulifundishwa kwa karatasi ya msasa!

Nikawaambia wanafunzi: "Sitaki ng'ombe wa kitabuni. Kila kundi likatazame ng'ombe wa kweli, lichukue sehemu iliyolipendeza."

Yashikeni hayo maelekezo wakuu. Ndiyo yaliyoniponza.

Siku ikafika. Nimevaa suti. Nikavuta turubai lililofunika ukuta, wazazi wote wakanyoosha shingo.

Nikajua tayari, wameguswa.

Mzee Ndahani, mfugaji mmoja anayeheshimika sana pale, akasogea hadi ukutani. Akayatazama madoa. Akalishika sikio. Kisha akageuka, macho si kwangu, kwa jirani yake Mzee Chilewa.

"Chilewa. Ng'ombe wangu aliyepotea kiangazi ni huyu hapa. Mbona ana sikio lako?"

Kwa msiojua, wafugaji wa huku kila familia ina namna yake ya kukata sikio la ng'ombe. Ng'ombe wangu akionekana na mkato wako, hiyo ni kesi. Mimi kwetu tulilima tu, msinihukumu.

"Unaniita mwizi mbele ya watoto?" Mzee Chilewa akasimama na fimbo yake. "Kwa ng'ombe wa matope?"

"Matope ndiyo yamekuumbua!"

Wazazi wakagawanyika pande mbili. Nikaingia kati na diploma yangu, nikaanza kueleza umbo ni nini na rangi ni nini. Mama mmoja akanikata: "Mwalimu, wewe sema tu ulimwona wapi."

Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama. Niliona kabisa vipindi vya Hisabati vikipita kwenye macho yake.

Aliyeniokoa ni Neema wa kundi la rangi, mjukuu wa Mzee Ndahani.

"Babu, madoa nilichora mimi. Nilimkumbuka tu. Masikio kundi la umbo walitazama ng'ombe wa Babu Chilewa, wanapita hapo kwenye uzio kila siku."

Mzee Chilewa akaanza kucheka, akacheka hadi akajishikilia kwenye fimbo. "Basi nitolee sikio langu, Mwalimu. Sasa hivi."

Nikavua koti, nikafuta sikio huku wazee wawili wamesimama mgongoni kwangu. Mzee Ndahani akanielekeza mkato wake. Nilipomaliza akasema, "Na tumbo. Alipotea ana mimba." Nikaongeza tumbo. Mzee Chilewa akasema pembe ya kushoto imezidi kusimama. Nikailaza. Akina mama nao wakadai kiwele. Mzee Ndahani akampapasa ubavuni taratibu, akamwita jina lake.

Mwalimu mkuu akanivuta pembeni.

"Wazazi hawa huwa wanaondoka kabla ya chai. Leo chai imepoa na hakuna aliyetoka." Akaguna. "Kipindi kibaki. Na wewe ubaki. Ila usichore tena kitu chenye mwenyewe."

Sasa wakuu, mnaojiita wasanii humu, nani mchoro wake umewahi kudaiwa na mwenye mali? Nauliza tu.

Nilichojifunza: ukiwafundisha watoto kutazama, watatazama kweli, hadi masikio. Kabla hujawatuma, jua wanakwenda kutazama mali ya nani.

Muhula huu nimetii agizo, tunachora mawe. Dodoma mawe si yapo tele?

Juzi kaja baba mmoja na fundi wake wa kupima viwanja. Anataka kujua lile jiwe kubwa la kundi la umbo tumelichora upande gani wa mpaka.

Walimu wenzangu, nichore nini? Karibuni kwa ushauri, na mbingu msiitaje, uwanja mpya wa ndege uko hapa hapa.