Joka la Milkana Mezani kwa Mjane

Kitabu kikimuudhi, Bibi Vasilka alikitoa nje na kukilaza kibarazani, kando ya pipa la kabichi za chumvi, kipigwe na baridi mpaka kipate adabu. Alianza hivyo akiwa msichana, na uzee haukumwachisha. Watu wa mji wa Tryavna walichungulia kwanza kibaraza kile kabla ya kwenda kuazima chochote kwenye nyumba ya kusomea, alikofanya kazi Milkana.

"Hiki je, bibi?" Milkana alikuwa akimuuliza, akipokea riwaya ya wachawi.

"Shujaa anatembea porini mwaka mzima, hajaosha miguu hata siku moja. Halafu malkia anamwangukia kifuani! Huyo malkia hana pua?"

"Na hiki cha mauaji?"

"Muuaji ni daktari. Nilimjua alipokataa supu. Ila kile cha mfinyanzi aliyefinyanga mwezi usimpe mtu. Nakirudia."

Milkana naye alikuwa na riwaya yake, ya joka linalomposa mjane, aliyoiandika kwa miaka bila kumwonyesha mtu. Majira ya kuchoma pilipili hoho akajipa moyo, akampelekea bibi. Alikuwa amejiapiza: Bibi Vasilka akiimaliza, ataituma kwa mchapishaji, akiishia njiani, ataiwashia moto.

Wiki iliyofuata akapita, akaona karatasi zake kando ya pipa, zimekandamizwa kwa jiwe. Akabisha hodi hivyo hivyo.

"Ingia, msumbufu wee! Joka lina vichwa vitatu, nimekubali. Linaruka juu ya mlima na ng'ombe mdomoni, nimekubali. Lakini linakaa mezani kwa mjane, linamiminiwa rakia, pombe kali vile, kisha linaletewa keki! Keki, Milkana! Umezaliwa wapi wewe? Nani hunywa rakia bila saladi?"

"Bibi, siku hiyo nilikuwa na hamu ya keki."

"Si ungekula mwenyewe! Mjane ana nyanya tele bustanini, anampa mgeni keki. Nikasema, huyu hamtaki, anamfukuza kiungwana. Kumbe anampenda! Nimepotea kurasa arobaini kwa ajili ya keki yako."

"Kwa hiyo ukaishia hapo," Milkana akasema polepole.

"Niishie vipi, na mjane hajajibu posa? Nimemaliza leo asubuhi. Nimelia mpaka kahawa ikafurika jikoni."

"Mbona basi iko nje?"

"Zile ni kurasa za keki tu. Nyingine ziko kitandani kwangu."

Milkana, ambaye kicheko kwake kilikuwa mgeni wa nadra, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wakaiandika upya karamu ile pamoja, wakibishana kuhusu jibini.

Mvua za vuli zilipoanza, binti yake Bibi Vasilka alikuja kumchukua, akapitishe baridi kwake mjini Varna. Gari lilikuwa limeshawashwa Milkana alipofika mbio.

"Nimeituma, bibi!"

Hiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kuonana. Bibi kizee alishusha kioo, akamshika shavu kwa vidole vyake vya baridi.

"Umechelewa. Sasa kaa chini uanze cha pili, mwanangu. Sifi mimi kabla sijajua mtoto wa mjane na joka lake atafanana na nani."