Kumsindikiza Muzee Sebahinzi

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha wazee hapa Goma, titulere, yaani mama aliyekuwa mkuu wetu wa wauguzi, hakunionyesha kabati la dawa. Alitazama viatu vyangu. "Hivi vitakuumiza," akasema. "Kesho uvae vya kutembea."

Wagonjwa wetu walikuwa na demansi, ugonjwa unaokula kumbukumbu polepole. Mitaani walisema ni ulozi. Sisi tulifanya kazi kwa ekipe: muuguzi, kine, ambaye ni mtaalamu wa viungo, na mtu wa familia. Asubuhi tulitembea wote pamoja hadi Kituku, ufukweni mwa ziwa, wazee wakaangalia samaki wakishushwa, kisha tukarudi. Mmoja wetu alitangulia, mwingine alifunga nyuma asiachwe mtu, na mwendo ulikuwa wa yule aliyetembea polepole kuliko wote.

Muzee Sebahinzi aliletwa na binti yake, Furaha. Mikono ya muzee ilikuwa na alama. Furaha hakuficha: kila alipokwenda sokoni alimfunga kitandani kwa kitenge, maana baba alikuwa anatoroka kwenda Kalengera, kijijini kwao, na njia ile ilikuwa na vita.

"Nifanye je, mama? Nimuache bamuue?"

Titulere hakumkaripia. "Kesho uje utembee na sisi," akamwambia.

Kesho yake, penye njia panda, muzee aligoma kushuka ziwani. Akageukia kaskazini. Furaha akamshika: "Baba, Kalengera hakuna kitu tena!" Muzee akajinasua, akapiga kelele, watu wakaanza kukusanyika.

"Musimubishie," titulere akasema. "Tunaenda naye."

Kine akashuka ziwani na wazee wengine. Sisi wanawake watatu, titulere, Furaha na mimi, tukamfuata muzee katika barabara ya Kibati, mpaka nyumba zikaanza kupungua na kizuizi cha wanajeshi kikaonekana mbele. Niliogopa. Ndipo muzee akasimama, akatuangalia.

"Nyinyi munaenda wapi?"

"Tunakusindikiza, muzee."

"Asante sana. Basi inatosha, murudi."

Hakuna aliyesogea. Akaitazama njia tuliyotoka.

"Bamama batatu, peke yenu? Haiwezekane. Nitawarudisha."

Kwetu aliyesindikizwa naye huwasindikiza waliomleta. Akatangulia, akatufikisha hadi mlango wa kituo. Furaha alilia njia nzima, bila sauti.

Hakumfunga tena. Siku ambazo muzee alitaka kwenda Kalengera, tulimsindikiza, Furaha akifunga nyuma. Si kila siku ilifaulu. Kuna asubuhi ekipe haikutosha, akapiga kelele getini mpaka akachoka. Alifariki nyumbani, amelala, mikono yake huru.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana huniuliza tulitumia dawa gani. Dawa zilikuwepo, hasa za usingizi, na daktari mkuu hakupenda kuziandika. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea, na kutomwacha mtu mmoja abebe mgonjwa peke yake.

Nilipokwenda kuaga kituoni, nilimkuta Furaha bado anafunga nyuma ya msafara, ingawa baba yake alikwisha kuzikwa. Nikamwuliza anafuata nini.

"Nyumba imenyamaza, mama," akajibu. "Hapa kuna watu wa kuniuliza jina langu kila saa."