Mamba Aliyeliwa na Ng'ombe

Mimi kukaa bure sikujui. Mama yangu husema nilizaliwa na siafu miguuni, na akisema hivyo huwa hanisifu, amechoka tu kunitafuta. Nikiwa kwenye cherehani ananiulizia uwanjani, nikiwa uwanjani anajibu simu za wateja na kuwaambia nimeenda msalani.

Kazi yangu hapa Garsen ni kushona mavazi ya ngoma na maigizo. Nashona marinda ya vikundi vya harusi, mabawa ya ndege kwa watoto wa msingi, na manyoya ya simba ninayoyachambua kutoka kwenye gunia kuukuu. Wanafunzi wa sekondari wanayaita maleba, kwa neno la darasani. Wazazi wao huniuliza, "Wewe ndiye yule wa nguo za michezo?" Ndiye mimi. Jioni nafunga mlango nakwenda uwanjani, maana mimi ni kipa wa timu yetu ya wanawake. Sisemi kwa kujisifu, lakini mabao yote niliyofungwa yalikuwa makosa ya mabeki.

Na juu ya hayo nilitaka kusoma. Nilitaka kwenda chuo Malindi nisomee ubunifu wa mavazi, nijue kukata kitambaa kwa vipimo na si kwa kukisia. Nilikuwa nimewapima watu wengi kwa macho, nikakosea, na matusi nikayala. Mwalimu wa chuo aliniambia kwenye simu, kwa sauti kavu, "Usiniletee picha. Niletee kitu kimoja ulichotengeneza kwa mkono wako, nikishike. Nikikipenda unaingia. Nisipokipenda, jaribu mwaka ujao." Huo mwaka ujao nilishaungoja miaka mingi. Kila ukifika kulikuwa na jambo nyumbani, nami nikausogeza mbele. Safari hii nilisema hapana, naingia.

Kitu chenyewe nilikuwa nacho. Shule moja ya hapa ilikuwa imeniagiza mamba kwa ajili ya tamasha, mamba mrefu wa kuvaliwa na watoto wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kichwa nilikitengeneza kwa maboksi na kitambaa, taya likifunguka kwa kamba. Ngozi niliisuka kwa miyaa, yale majani ya mkoma tunayosukia mikeka. Jumamosi mamba angecheza Garsen, Jumatatu ningempeleka Malindi. Mwalimu mkuu alikubali, ilimradi nimrudishe akiwa mzima.

Alhamisi niliitia ngozi rangi, kijani na nyeusi. Ili rangi isichuje kwa jasho la watoto, nikatia chumvi kwenye sufuria, kama mama alivyonifunza, tena nikatia kwa mkono wa ukarimu. Kisha nikaianika juu ya ua wa miba nyuma ya nyumba, kichwa nikakiacha ndani, nikachukua glavu zangu nikaenda kucheza.

Sasa mtu yeyote aliyelelewa Garsen anajua ng'ombe na chumvi. Ng'ombe wa hapa atakulamba shati mgongoni kwa sababu ya jasho. Na ua wetu unapakana na njia ya mifugo inayorudi kutoka malishoni. Haya yote nayajua tangu sijaanza shule, lakini siku hiyo akili yangu ilikuwa golini, kwa sababu tulikuwa tunacheza na timu ya kutoka Hola ambayo ilikuwa imetudharau mitandaoni.

Tuliwafunga. Nilidaka penalti, na wenzangu wakanibeba mpaka mmoja akasema nishushwe, mimi ni mzito. Nilirudi nyumbani na glavu mkononi, najisimulia mwenyewe ule mruko wangu, kila mara nikiruka juu zaidi.

Nyuma ya nyumba nikakuta ng'ombe watano sita wamesimama kwenye ua kwa adabu kabisa, kama watu kwenye karamu. Wengine walikuwa wanalamba mgongo wa mamba. Mmoja mwekundu, mwenye pembe iliyopinda, alikuwa na ncha ya mkia mdomoni, anatafuna polepole huku ananitazama. Mkia wote uliobaki ulikuwa umeshaingia.

Nilimrushia glavu. Hakushtuka hata kidogo.

Mwenye ng'ombe akaja mbio na fimbo yake. Ni jirani yetu, mama wa Kiorma anayetuuzia maziwa kila asubuhi, mtu mpole, mwenye utani. Nilimwambia kila neno lililopita mdomoni mwangu, na mdomo wangu si mdogo. Yeye alisimama akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akashika kipande cha ngozi, akakinusa.

"Fundi, hii umetia chumvi?"

"Nimetia."

"Basi wewe umewapikia," akasema. "Mtu unampikia, halafu anakula, halafu unakasirika."

Nilicheka, na nilikasirika kwamba nimecheka. Halafu nikakaa chini na kulia kweli kweli, nikamweleza habari za chuo na Jumatatu na miaka niliyoisogeza. Aliketi karibu nami. Akasema kosa si langu peke yangu, ng'ombe walikuja wenyewe bila mchungaji.

"Wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Aliona haya kidogo. "Nyuma ya goli. Mimi kila siku nasimama pale, naangalia wewe. Leo ile penalti, wallahi, nilisahau ng'ombe."

Nilikuwa nimemwona mara nyingi, kwa jicho la pembeni tu, mwanamke mwenye fimbo nyuma ya goli langu, wala sikuwahi kugeuka kumtazama uso. Siku zote nilidhani ni mpita njia.

Ijumaa asubuhi alikuja na maziwa, na binti yake nyuma amebeba furushi la miyaa yao, ile waliyoiandaa kwa mikeka ya kufunikia nyumba. Mama yangu akatandika jamvi, akapika chai. Mimi niliziba mashimo ya mgongoni, yeye akasuka mkia. Nilipotaka kuweka sufuria ya rangi, alinyoosha mkono akachukua kopo la chumvi, akalikalia. Alisuka kwa mtindo wao, mkia umekazwa na una vijimatuta juu, na binti yake alipouvaa na kupiga hatua, mkia ulicheza wenyewe kushoto na kulia. Nilimwonea wivu waziwazi, nikamwambia.

Jumamosi mamba alicheza mpaka watoto wa viti vya mbele wakahamia nyuma. Jumatatu nikapanda naye basi, nikamkalisha kiti cha dirishani.

Mwalimu wa chuo alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Akafungua taya, akafunga. Akapitisha kiganja mgongoni. Alipofika kwenye mkia akasimama, akaushika kwa mikono miwili.

"Huu umeusuka wewe?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini. Kazi ya mkono wako, ndivyo alivyosema, na mkono haukuwa wangu. Niliona mwaka ujao unakuja tena kunikalia mapajani. Lakini nilimwona pia yule mama kwenye jamvi letu amekalia chumvi, nikashindwa kumtoa kwenye mkia wake.

"Hapana," nikasema. "Wangu uliliwa na ng'ombe."

Nikamweleza yote, mpaka penalti. Alicheka hadi akavua miwani akaipangusa. Kisha akauliza kichwa ni cha nani, nikasema changu. Na taya? Langu. Na mgongo? Wangu, ila umelambwa.

"Utaingia," akasema. "Ila muhula ukianza uje ukiwa unajua kusuka mkia huo."

Nikarudi Garsen, nikawa mwanafunzi kabla ya kuanza chuo. Kila asubuhi nilienda kwa jirani kuchukua maziwa, nikabaki kusuka. Vidole vyangu ni vya kudaka mipira, vilimchekesha sana. Siku moja aliacha kusuka, akauliza kwa uso wa huzuni, "Ukienda Malindi, golini nani?"

Kabla sijajibu, binti yake alikuwa ameshachukua glavu zangu kwenye mkoba wangu, amezivaa. Mama yake akamkaza glavu mkononi. Akasema sawa, lakini miguu ifunikwe na nywele zifunikwe. Basi nikamshonea suruali pana isiyomkwamisha akiruka, na kilemba kinachokaa kichwani hata akipinduka. Nilimpima kwa futi safari hii.

Likizo ya kwanza niliteremka kwenye basi nikaenda moja kwa moja uwanjani na begi langu. Timu ilikuwa inacheza, binti yuko golini, anawapigia mabeki kelele kama mimi. Mama yake alikuwa nyuma ya goli na fimbo yake. Nikasimama kando yake. Ng'ombe walikuwa nyuma yetu, wanakula kitu fulani, nilisikia wakitafuna. Hatukugeuka kutazama ni nini.